Kupanda Karthala na kuizunguka Komoro: mwongozo kamili wa siku kumi

Kila kusi inapoingia napata ujumbe wa namna moja kutoka kwa wasomaji wa Dar, Unguja na Mombasa: "Nilikwenda Komoro, lakini Karthala niliishia njiani." Nikiuliza kilichotokea, majibu hayazidi matatu. Maji yaliwaishia. Walichelewa kuondoka, ukungu ukawatangulia juu. Au walitaka kumaliza visiwa vitatu kwa siku tano, mashua ikachelewa, na siku iliyoliwa ikawa ile ya mlima.

Sijapata aliyeniambia kwamba miguu ilikataa. Karthala una mita 2,361, haufiki hata nusu ya Kilimanjaro. Mtu mzima mwenye afya na mazoea ya kutembea anaufika. Kwa hiyo mwongozo huu unashughulika zaidi na maji, saa na mpangilio wa siku. Nimeupanga kwa siku kumi: mlima kwanza, pwani ya kaskazini ya Ngazija, kisiwa chenye Karthala, kisha kisiwa cha Mwali. Nzwani, kisiwa cha tatu, nimeiacha kwa mwenye siku za ziada.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kukata tiketi

*Siku kumi kamili.* Saba za kutembea, moja ya akiba kwa ajili ya mlima, mbili za akiba kwa ajili ya kurudi kutoka Mwali. Ukiwa na siku tano tu, baki Ngazija na upande Karthala. Utarudi na kitu.

*Euro taslimu.* Faranga ya Komoro imefungwa kwenye euro, takriban faranga 492 kwa euro moja, kwa hiyo euro ndiyo pesa inayobadilishika kwa urahisi. Viza hulipiwa uwanja wa ndege wa Hahaya. Badilisha pesa ya kutosha ukiwa Moroni, mji mkuu, maana kadi ya benki haitakusaidia Itsamia, kijiji cha Mwali.

*Maji lita 6 hadi 7 kwa kila mtu* kwa siku mbili za mlimani. Sababu yake nitaieleza kwenye hatua ya 3, lakini ukikumbuka jambo moja tu katika makala hii, likumbuke hili.

*Vya mwilini:* buti zilizokwisha kuvaliwa, zenye soli ngumu, suruali ndefu, glavu za kazi, koti la mvua, sweta nzito na kofia ya kufunika masikio, taa ya kichwa na betri za akiba, hema na mfuko wa kulalia, barakoa ya vumbi. Buti mpya usizijaribie huku. Mawe ya lava yana makali kama chupa iliyovunjika, na ukianguka mikono ndiyo inayotangulia. Ndiyo maana nimetaja glavu.

*Dawa.* Malaria ipo, kwa hiyo zungumza na daktari kabla ya safari na ubebe chandarua. Ongeza bendeji, dawa ya vidonda na chumvi za kuongeza maji mwilini. Usitegemee kwamba helikopta itakuja kukuchukua juu.

*Lugha.* Kiswahili chako kitakufikisha mbali, ila Shingazija si Kiswahili. Maneno mengi tunayafahamu kwa sikio, mengine yana maana nyingine. Mwenyeji akikuambia "marahaba", anakushukuru. Nimewaona wageni wa kwetu wakisimama wakingoja kushikwa mkono. Ukiwa na Kifaransa kidogo, kibebe, hasa kwa ajili ya kusoma ramani: Nyumashuwa huandikwa Nioumachoua, na usipojua hivyo utaitafuta sana.

## Hatua ya 1: Chagua mwezi

Nenda kati ya Mei na Oktoba, wakati wa kusi. Kaskazi, kuanzia Novemba hadi Aprili, huleta mvua, joto na vimbunga. Kimbunga Kenneth kilipita karibu na Ngazija mwezi Aprili 2019. Chido kilipiga Maore (Mayotte) mwezi Desemba 2024.

Hata katika kusi usidhani mlima utakuwa mkavu. Upande wa magharibi wa Karthala ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi mno katika Bahari ya Hindi, zaidi ya mita 5 kwa mwaka pale inaponyesha sana. Unachotafuta ni asubuhi iliyo wazi, na katika kusi asubuhi hizo ni nyingi.

Kwangu mimi Agosti na Septemba ndiyo miezi bora, kwa sababu nyangumi wenye nundu wako karibu na visiwa, kwa kawaida kuanzia Julai hadi Oktoba, na Mwali unaweza kuwaona. Usipange mlima ndani ya Ramadhani. Atakayekuongoza amefunga, na si haki kumpandisha mtu mita 2,000 bila tone la maji kwa sababu tu tiketi yako ilikuwa ya bei nafuu.

## Hatua ya 2: Uliza hali ya mlima

Karthala ni volkano hai. Fanya hatua hii siku ya kwanza ukiwa Moroni, kabla hujalipa mtu yeyote.

Kituo cha kufuatilia volkano kipo chini ya CNDRS, taasisi ya taifa ya nyaraka na utafiti wa kisayansi. Uliza mambo mawili: je, mitetemeko imeongezeka siku hizi, na je, njia za juu zimefungwa? Mwenye nyumba ya wageni na waongozaji nao husikia mapema, lakini ulizia chanzo chao.

Sababu ni kwamba mlima huu haulipuki kwa namna moja. Mwaka 1977 lava ilitokea ubavuni, chini kabisa upande wa kusini-magharibi, ikafunika kijiji cha Singani. Mwaka 2005 ulilipuka mara mbili, Aprili na Novemba, na safari zote mbili tatizo lilikuwa majivu. Yaliangukia matangi ya maji ya mvua ambayo watu wa Ngazija wanayategemea, na maelfu ya watu wakabaki bila maji ya kunywa. Ukalipuka tena Mei 2006 na Januari 2007. Hatari nyingine haionekani kwa macho: mwaka 1903 gesi iliua watu 17.

*Dalili kwamba umefaulu:* umepata jibu la wazi kutoka kwa anayepima. Ukijibiwa "mlima umeanza kutikisika", nenda Mwali kwanza na uulize tena ukirudi. Usibembeleze.

## Hatua ya 3: Mwongozaji, njia na maji

Usipande peke yako. Njia nyingi unazoziona chini ni za wakulima na wachunga ng'ombe, na zinagawanyika kila baada ya hatua mia. Ukungu ukishuka, mtu aliyezaliwa mjini hajui ipi inapanda na ipi inakwenda kwenye shamba la mtu.

Omba nyumba ya wageni ikutafutie mwongozaji aliyefika ukingoni, kwenye mdomo wa volkano, ndani ya mwaka huu. Mkutane ana kwa ana jioni moja kabla na mkubaliane mambo manne kwa maneno ya wazi: bei yote ni kiasi gani, nani anabeba maji, nani analeta chakula, na mnaondoka saa ngapi. Hili la saa linaponza watu. Saa zetu na saa za Kifaransa zinapishana kwa sita, kwa hiyo onyeshana kwenye simu badala ya kutamka tu.

Njia ninayoipendekeza kwa anayepanda mara ya kwanza ni ya magharibi, kupitia Mvuni na Boboni, juu ya Moroni. Ipo karibu na mji, gari linapanda sehemu ya kwanza, na waongozaji wengi wanaijua. Njia ya kutoka Singani, kusini, ni ndefu zaidi na imekauka zaidi. Iache kwa safari ya pili.

Sasa maji. Ngazija haina mto unaotiririka mwaka mzima. Mvua inanyesha kwa fujo, lakini mwamba wa volkano una matundu na nyufa, na maji yote yanazama chini papo hapo. Aliyepanda Kilimanjaro amezoea kuvuka vijito, kufika kambini na kukuta mpishi amechemsha maji. Hicho ndicho kinachowadanganya Watanzania wenzangu: wanabeba chupa mbili, wakitegemea kujaza mbele. Huku hakuna pa kujaza.

Nilipopanda mara ya kwanza nilibeba lita 3 kwa siku mbili. Kufikia saa nane mchana zilikuwa zimebaki robo lita, na mwongozaji akanipa ya kwake bila kusema neno. Sikuyameza vizuri yale maji, maana nilijua naye ana siku nzima ya kushuka. Tangu hapo nahesabu maji ya kila mtu, wa kwangu na wasio wangu, kabla gari halijaondoka.

Gawanya hivi: lita 3 za kupanda, lita 1 ya kupikia na chai, lita 2 za kushuka, na lita moja isiyoguswa mpaka uone mashamba tena. Kama mzigo ni mzito, lipa mpagazi wa pili. Usipunguze maji.

## Hatua ya 4: Siku ya kupanda

Ondoka Moroni saa kumi alfajiri ili uwe unatembea saa kumi na moja, bado giza. Kutoka Boboni hadi chini ya ukingo hesabu saa sita hadi nane. Ukianza saa mbili asubuhi, utafika eneo la wazi wakati ukungu umekwisha kulijaza, na kutafuta mahali pa hema ndani ya ukungu ni taabu isiyo ya lazima.

Utapita sehemu nne, na kila moja ina dalili yake.

*Mashamba.* Migomba, vanila, milangilangi inayonukia hata gizani. Salimia kila unayekutana naye, hasa wazee. Unapita kwenye ardhi ya watu.

*Msitu.* Unateleza, mizizi imejitokeza juu, miti imevaa kuvu na mikangaga. Tembea polepole kuliko unavyotaka. Hapa ndipo watu humaliza nguvu na maji kwa sababu kuna baridi nzuri na wanajiona wepesi. Kunywa kidogo kila nusu saa, hata kama huna kiu.

*Vichaka.* Msitu unakatika na unaingia kwenye vichaka vigumu vya jamii ya Erica, ndugu za vile vilivyo juu ya msitu wa Kilimanjaro. Jua linachoma, upepo unaanza. Vaa mikono mirefu. Ukitulia utaona ndege wadogo wasiopatikana popote duniani ila mlima huu.

*Majivu na mawe.* Ardhi inakuwa nyeusi na kijivu na miguu inazama. Ukifika hapa kabla ya saa saba mchana, umefaulu kwa siku hiyo.

Piga hema chini ya ukingo, palipo na vichaka vya kukinga upepo. Usilale ndani ya kaldera, lile shimo pana la kileleni. Juu kuna upepo usiozuilika, na gesi nzito huweza kukusanyika mabondeni usiku. Barakoa yako inazuia vumbi la majivu, haizuii gesi. Ukisikia harufu kali ya yai viza na macho yakaanza kuwasha, ondoka uende palipoinuka, upande upepo unakotokea.

Usiku baridi ni ya kweli. Vaa sweta kabla hujaanza kutetemeka. Na ukisikia mluzi unaorudiwarudiwa gizani, huyo ni bundi wa Karthala, aliyepo kwenye mlima huu tu. Kwetu tumefundishwa kumwogopa bundi. Huyu mimi humsikiliza kwa furaha, kwa sababu msitu wake unakatwa mwaka hadi mwaka na sijui wajukuu wetu kama watamsikia.

## Hatua ya 5: Ukingoni alfajiri

Amka saa tisa na nusu usiku. Kunywa chai, acha hema, chukua maji na taa tu. Uwe ukingoni kabla jua halijachomoza.

Utasimama juu ya kaldera yenye upana wa kama kilomita 3 kwa 4, sakafu yake ya majivu na lava iliyoganda, na katikati shimo la Chahale limezama ndani ya shimo. Kwanza huoni ukubwa wake. Kisha mwongozaji anakuonyesha kitu unachodhani ni jiwe, na unagundua ni mwamba mkubwa kama nyumba. Mimi huwa sipigi picha nusu saa ya kwanza. Kukiwa safi, upande wa kusini-mashariki Mwali hujitokeza baharini, na hapo unaona safari yako iliyobaki.

Maonyo matatu ya hapa juu:

1. Usikaribie mdomo wa Chahale zaidi ya pale mwongozaji anaposimama. Kingo zake ni majivu yaliyoshikana kidogo tu, na hubomoka bila kutoa sauti.
2. Ukitaka kushuka kwenye sakafu ya kaldera, shuka mapema na uwe umerudi juu kabla ya saa tatu asubuhi. Ukungu ukiingia ndani, alama zote zinapotea.
3. Usibebe jiwe wala mmea. Uchafu wako wote ushuke na wewe.

Kama alfajiri hiyo imefunikwa, ngoja hadi saa mbili. Mara nyingi upepo hufungua kwa dakika kumi, na dakika hizo zinatosha.

## Hatua ya 6: Kushuka

Anza kushuka kabla ya saa nne. Magoti huumia zaidi kwenye kushuka, na wengi huteguka kifundo cha mguu ndani ya msitu wakiwa wamebakiza saa moja kufika. Kaza kamba za buti, fupisha hatua, tumia fimbo. Ukifika chini, lipa yaliyobaki mkononi mwa mwongozaji mwenyewe, na bakshishi ya mpagazi mpe mpagazi.

## Hatua ya 7: Pumzisha miguu kaskazini

Siku inayofuata usipande kitu chochote. Kodi teksi ya siku nzima uelekee Mitsamihuli. Bei ipatanwe kwa mzunguko wote, pamoja na kungoja, kabla hujafungua mlango.

Baada ya Mitsamihuli simama Niamawi, karibu na Bangoi-Kuni. Ni ziwa la chumvi ndani ya kreta, yaani shimo la volkano, hatua chache tu kutoka baharini. Zunguka ukingo wake asubuhi, kisha rudi jua likiwa juu, utaona rangi nyingine. Mbele kidogo, Ivoini, kuna ukuta wa lava wenye meno unaoingia baharini. Wenyeji wanaozungumza Kifaransa wanauita mgongo wa joka.

Kuogelea kupo, lakini uliza ni ufuo upi. Mbele ya kijiji wanawake wafunike mwili na wanaume wavae kaptula ndefu. Hii ni nchi ya Kiislamu na heshima yake ni kama ya kwetu Pemba.

Kama ratiba inaruhusu, siku nyingine nenda Singani ukaione ile lava ya 1977. Ukiwa umetoka juu, utaielewa kwa namna nyingine.

## Hatua ya 8: Vuka kwenda Mwali

Ndege ndogo huondoka Hahaya na kutua karibu na Fomboni, kwenye uwanja uitwao Bandar es Eslam. Mtu wa Dar akilisoma jina hilo lazima atabasamu. Ratiba hubadilika, kwa hiyo thibitisha siku moja kabla na tena asubuhi yenyewe.

Njia nyingine ni boti za faiba kutoka Chindini, kusini mwa Ngazija. Ni nafuu, lakini mlango ule wa bahari una mawimbi makubwa kusi ikivuma. Kama huna budi, nenda asubuhi mapema, vaa jaketi la kuokoa maisha mwilini, usilikalie, na hesabu watu. Ikijazwa kupita kiasi, shuka. Nauli itarudi siku nyingine.

Ukishafika, gawa siku zako hivi.

*Nyumashuwa, siku mbili.* Mbele ya kijiji kuna visiwa vidogo vilivyo ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2001, ya kwanza nchini. Lipia ada ya hifadhi, kodi ngalawa pamoja na mwenyewe, beba miwani ya kuzamia. Usisimame juu ya matumbawe. Kwa nyangumi, mwambie nahodha azime mashine mbali na awaache wao waje. Ukiwafukuza, wanazama na mama anaachana na mtoto.

*Itsamia, usiku mmoja.* Kasa wa kijani hutaga kwenye fukwe hizi karibu mwaka mzima. Nenda na mlinzi wa kijiji tu. Zima tochi na simu, kaa nyuma ya kasa, ngoja mpaka aanze kutaga ndipo usogee. Mwanga ukimpiga anapopanda, anageuka na kurudi baharini na mayai yake. Dalili ya kufaulu ni kwamba amemaliza, amefukia, amerudi majini, na hakujua kama ulikuwepo.

Karibu na hapo kuna ziwa la kreta, Dziani Bundoni. Neno *dziani* ni *ziwani* yetu. Nenda jioni kwa miguu. Ni ardhi oevu inayotambuliwa kimataifa na ina ndege wengi wa majini.

*Msitu wa kati, nusu siku.* Tafuta mwongozaji anayejua miti wanayolala popo wa Livingstone. Ni weusi, mabawa yao yakitandazwa yanakaribia mita moja na nusu, na huruka hata mchana. Wapo Mwali na Nzwani tu. Kaa mbali, usipige kelele kuwarusha ili upate picha. Kila wakirushwa wanapoteza nguvu, na miti ya kulala iliyobaki ni michache.

## Hatua ya 9: Nzwani, na Maore

Nzwani ni kwa mwenye siku nne zaidi. Ina ziwa la Dzialandze na mlima Ntringi, mita 1,595, unaopandwa na kushukwa kwa siku moja. Tofauti na Ngazija, huku bado utaona vijito, ingawa vingi vimekauka kwa sababu misitu ya juu imefyekwa.

Maore iko chini ya Ufaransa na inahitaji viza ya Kifaransa. Usikubali kamwe kuvushwa kwa mashua kutoka Nzwani, hata kwa "kuona tu". Watu wengi mno wamezama katika mlango ule tangu Ufaransa ilipoweka viza mwaka 1995, na wengi wao walikuwa ndugu wakienda kuona ndugu.

## Hatua ya 10: Rudi Ngazija mapema

Ondoka Mwali siku mbili kabla ya ndege yako ya kurudi nyumbani. Bahari ikichafuka hakuna anayevuka, na ndege ndogo ikijaa hakuna ya pili. Ukipata usafiri siku ya kwanza, una siku nzima ya bure Moroni: nunua vanila sokoni, kisha mpigie mwongozaji wako simu umwambie umefika salama. Kama mlima ulikunyima ile alfajiri ya kwanza na hujaitumia siku yako ya akiba, muulize hali ya juu ikoje. Gari la saa kumi linaweza kukungoja tena.